Brigade ya Jenerali Polycarpe Inajionyesha Kirolirwe

Mheshimiwa Papa Président wa komisheni ya kuhesabu baaskari, Mheshimiwa Papa Chef, Papa Padri, bamama wa maziwa, bapapa bachungaji, na ninyi wote mulifika juu ya kungojea soda: mimi, Jenerali Polycarpe, Radi ya Masisi, ninawapatia jambo! (Makofi. Mtu anauliza soda iko wapi.)

Katika cadre ya historia yangu, mujue kama sikuzaliwa jenerali, nilijipandisha mwenyewe pole pole, sababu mule pori hapakuwa mukubwa mwengine. Kule Muheto nilijipa ukapiteni, njiani ukoloneli, na kufika Mpofi, kule Walikale, mvua ilinipiga sana, nikaona afazali nijipe yote iliyobakia. (Vicheko.) Kwa upande wa statistiques, ni kusema hesabu, asilimia mia na makumi mbili ya maadui walikimbia, kwa kusikia tu kishindo cha brigade yangu, kikosi kizima, ikipita mu mahindi.

(Mama Kamaliza, muuza maziwa, anapaza sauti: "Jenerali, ng'ombe yangu Gaju iko wapi? Batoto banakunywa chai bila maziwa!")

Mama Kamaliza, heshima yako. Gaju alitolewa kama effort de guerre, muchango wa vita, njo maana iko mu mikono ya stratégie. Komisheni ikiona brigade na kunisainia ujenerali, nitakujengea laiterie, kiwanda ya maziwa, ya étage tatu, na ng'ombe zitapanda gorofa kwa ascenseur, ile lifti ya umeme! (Shangwe. Mama Kamaliza hapigi makofi.)

Papa Président anaomba brigade itokee. Sawa! Brigade, toka mu mahindi! (Mahindi hayatikisiki.) Iko na haya kidogo. Brigade!

(Mama Kamaliza anasimama, anaita kama ng'ombe wanavyoitwa jioni: "Gaju weee! Gaju wanjye, Gaju wangu!" Mahindi yanatikisika, ardhi inatoa kishindo, na ng'ombe mmoja mwekundu anatoka mbio, kofia ya kijeshi kwenye pembe, suke mdomoni. Anamlamba mama usoni. Nyuma yake hatoki mtu. Komisheni inafunika kalamu.)

Bapapa na bamama! Amani oyee! (Oyee!) Maziwa oyee! (Oyee kubwa zaidi.) Ninamalizia kwa kushukuru Mama Kamaliza, kwa ile miaka yote alinikopesha jeshi langu lote. Mama, umurudishe nyumbani na heshima zote za kijeshi, alipigana vita mingi na hakuua muntu. Nilimupenda, sifichi. Na kama kesho kutakuwa kikombe moja ya maziwa ya kuzidi, askari aliyebakia njo mimi.