Makoti Manane ya Ngome ya Barafu

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimezaliwa upya. Mhusika wangu wa zamani kwenye Milima Saba, ule mchezo wa mtandaoni, nilimfuta juzi kwa bahati mbaya. Nilikuwa natafuta pa kumbadilishia kofia. Miezi kumi na minne, kwisha! Mtu mwingine angelia. Mimi nimetengeneza mpya: mchawi mrefu, ndevu za kijivu, jina langu mwenyewe na cheo juu yake, Jemadari Ekidor. Ametokea duniani na fimbo na suruali moja.

Sasa lazima achague kazi ya mikono. Mchezo unaruhusu moja tu: uhunzi, ushonaji, upishi au kutengeneza dawa. Unachotengeneza ndicho kinachowafaa wenzako vitani. Na vita ni Jumamosi hii hii! Ngome ya Barafu, inayofunguliwa mara moja kila miezi mitatu. Kikosi chetu ni watu wanane, wa Lodwar na Kakuma. Mkuu wetu ni Deeqa, mwenye duka la simu kule Kakuma. Ameandika kwamba tunakosa mshonaji. Ngomeni kuna baridi ya kugandisha mtu. Bila makoti mazito hatuvuki hata mlango. Akaniomba nishone mimi, kwa kuwa ndiyo naanza upya.

Mimi! Fundi wa friji kwa miaka kumi na moja, Lodwar nzima inanijua. Nishike sindano?

Akeno, mke wangu, alikuwa anapanga samaki wake wakavu kwenye karai. Akauliza tatizo ni nini; wanataka makoti, si niwashonee makoti. Nikamweleza kwamba mambo haya yana hesabu zake. Nimechora jedwali nyuma ya katoni ya friji. Uamuzi: dawa. Vitani kila mtu huumia, kwa hiyo kila mtu atanihitaji. Nimelala vizuri sana mchana.

Jumanne, 9 Septemba

Chupa moja ya dawa inataka maua arobaini ya bluu. Maua yanaota juu ya mwamba. Mwamba una mbwa mwitu. Nimekufa mara tisa kabla ya chakula cha mchana. Maua mkononi: sita.

Wanjugu wa bucha alipiga simu nikiwa mwambani. Friza yake haigandishi, na ndani kuna mbuzi wanne wa harusi ya Jumamosi. Nikamwambia asifungue mlango, baridi haina pa kwenda, naja. Nikarudi kwa maua.

Tap ametuma picha kikundini. Tap naye ni fundi wa friji, kijana aliyekulia Kakuma. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, kinatazamana na changu kwa makusudi. Kwenye mchezo ni mhunzi wa kikosi. Picha ni ya upanga unaotoa moshi, amefua mwenyewe. Watu sita wakampigia makofi. Hata Deeqa!

Nimegundua kwamba dawa si kazi ya mtu mwenye nguvu zake.

Jumatano, 10 Septemba

Nimehamia uhunzi. Tap atajuta.

Jambo dogo: ukibadilisha kazi, ujuzi wote uliokusanya unafutika. Kulikuwa na onyo, refu, la Kiingereza. Nilibonyeza kukubali kabla halijamaliza kufunguka. Lakini ujuzi wenyewe ulikuwa wa maua sita, kwa hiyo hasara ni kidogo.

Jambo la pili: mchawi hawezi kuinua nyundo. Nimesimama mbele ya tanuru saa nzima, kila nikigusa nyundo naambiwa sina nguvu za kutosha. Nikajaribu nyundo ndogo. Nikajaribu ile ndogo kabisa, ya kupigilia misumari ya viatu. Wapi!

Wanjugu amepiga mara tatu. Mara ya nne nikashika. Akauliza kama niko hai. Nikasema niko njiani. Na kweli nilikuwa njiani, kuelekea mgodi wa chuma. Saa tisa nikainua macho, nikamwona Tap anavuka barabara, mtungi wa gesi begani, anaelekea bucha. Akanipungia mkono na kunisalimia kwa sauti, kwa Kiturkana, ejok, Ekidor! Hiyo ni dharau.

Alhamisi, 11 Septemba

Kakuma. Mambo makubwa huongelewa ana kwa ana. Nilitoka Lodwar saa kumi na mbili asubuhi, na njiani nikahamia upishi. Wazo limenijia kabla ya kufika: supu ya moto! Mtu akinywa supu anapata joto tumboni. Akiwa na joto tumboni, koti la nini? Nilijicheka jinsi nilivyochelewa kuliona.

Deeqa alinikaribisha dukani, akaniwekea chai ya maziwa yenye viungo. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku anabandika kioo kwenye simu ya mteja.

"Supu ya mchezo inakaa tumboni dakika mbili," akasema. "Ngome ni saa nzima. Walaal, ndugu yangu, utabeba sufuria ngapi?"

Nikasema thelathini.

"Na upigane na mkono gani?"

Swali zuri. Nikaomba muda.

Akaweka simu ya mteja chini. Akasema tumeshindwa mlangoni mara mbili sasa. Mwenzetu Hanad, wa Kalobeyei jirani na Kakuma, ameshasema tukishindwa tena anatoka, na akitoka yeye wengine watamfuata. "Mimi kutwa nzima nasikiliza watu wakilalamika juu ya simu zao," akasema. "Nikifunga duka, kikosi hiki ndicho kinanichekesha. Nishonee makoti manane ya sufu. Basi. Sitaki kingine kwako."

Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. Nikaahidi. Nilisikia kitu kifuani. Labda tangawizi.

Ijumaa, 12 Septemba

Ushonaji ni rahisi ajabu! Kufikia saa nne nilikuwa nashona kama nimezaliwa na sindano. Ningejua ningeanza Jumatatu, ila nani angenishauri?

Shida ni sufu. Lazima ukate manyoya ya kondoo mmoja mmoja, halafu usubiri yaote tena. Kazi ya mtu asiye na akili. Mimi nimepata hariri, imejaa kwenye pango la buibui, na inang'aa. Nimeshona makoti manane mekundu yenye vifungo vya dhahabu. Ukiyaona unanyamaza.

Akeno akachungulia begani kwangu, akauliza kama hariri inazuia baridi. Nikamwambia koti ni koti. Akaonyesha maandishi madogo pale chini. Nikamwambia si lazima mtu asome kila kitu. Akataka nimwekee mchezo kwenye simu yake. Nikamwekea, mimi si mchoyo wa maarifa.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nne asubuhi tulijipanga mbele ya mlango, wekundu wote wanane. Deeqa alisema tumependeza. Hanad akasema safari hii anaona dalili. Mlango ukafunguka.

Tap aliganda hatua ya tatu. Nilifurahi, nikaganda hatua ya nne. Akafuata Hanad, na wengine. Deeqa alifika mbali kuliko wote, hatua ya kumi na moja, akabaki amesimama na upanga wa Tap mkononi. Aliyeganda hafi, husimama hivyo mpaka avikwe kitu cha joto, au mlango ujifunge. Sote tulikuwa kwenye simu moja. Nilisikia Hanad akivuta pumzi. Nilitaka kueleza habari za vifungo, nikaona siyo wakati wake.

Ndipo akaingia mchezaji mgeni, wa juzi juzi, koti la kijivu mwilini na mzigo mgongoni. Jina: Samaki Mkavu. Nikasikia sauti yake kwenye simu, na nikaisikia pia kutoka jikoni.

Akeno! Jana, tangu nimwekee mchezo, wakati anasubiri wateja wa samaki, alikuwa anakata kondoo manyoya. Akamvika Deeqa, akamvika Hanad, akamvika hata Tap. Sufu ilitosha makoti saba ukiacha lake. Akaniambia nivumilie kidogo, halafu wakaingia.

Wakashinda. Deeqa alicheka mpaka simu ikakoroma. Mimi nililinda mlango.

Jumapili, 14 Septemba

Deeqa amemfanya Akeno fundi mkuu wa kikosi. Mimi nimeandikwa "mgeni". Akaongeza kwamba ananipenda kama ndugu, ila nisiguse kitu.

Wanjugu naye nilikutana naye nje ya kanisa. Nyama ya harusi ilisalimika, na friza zake zote sasa anazihudumia Tap, pamoja na za dada yake. Nikamtakia heri.

Nimeipitia wiki nzima kwa akili iliyotulia, na kosa nimelipata. Washauri walikuwa wengi mno! Kwa hiyo leo nimeanzisha kikosi changu, mkuu mimi. Wanachama mpaka saa hii: mimi. Akeno nimemwalika, akasema ana oda za makoti. Hakuna neno. Wote saba watakaokuja nimeshawachagulia kazi, na hairuhusiwi kubadilisha. Tap nimemwekea ushonaji.