Vinka za Kijani za Mama

Jumatatu, 3 Machi
Ajabu! Mche mmoja wa vinka, yale maua ya zambarau ya Mama, umechanua kijani. Kijani kibichi, hata petali zimegeuka majani madogo. Mama alikuwa akizimwagilia kwa birika la chai lililovunjika mdomo, huku akiziimbia. Alipofariki, mimi na Dada tuligawana nusu kwa nusu. Zake bado ni za zambarau, maskini. Yangu ni aina mpya. Nitaipeleka kwenye maonyesho ya maua, niipe jina la Mama. Dada atakoma.

Jumatano, 5 Machi
Mche mmoja hautoshi. Nimekata vikonyo vyake nikaviunganisha kwenye miche yangu mingine yote, nikavifunga kwa utepe wa nailoni kama Mama alivyonifundisha. Mikono yake haikutetemeka kamwe. Mimi nimejikata kidole. Dada alipita, akasema mche ule unaumwa. Wivu tu.

Jumamosi, 12 Aprili
Zote kijani! Majani yana umanjano kidogo, matawi yamesongamana kama ufagio. Ndiyo mtindo wake.

Alhamisi, 17 Aprili
Maonyesho. Daktari wa mimea hakusifu ua hata moja. Aligeuza majani kutafuta vidudu, kisha akakata mishipa ya jani ikapimwe vinasaba. Kimelea anachokishuku, alisema, hakionekani kwa hadubini ya kawaida. Nikamuuliza kama hicho ndicho kipimo cha mshindi. Dada akakohoa.

Jumatatu, 28 Aprili
Majibu yametoka. Fitoplazma, kimelea kinachogeuza maua kuwa majani. Hukaa ndani ya mishipa ya mmea. Huenezwa na vidudu vinavyofyonza utomvu, au na mpumbavu anayeunganisha vikonyo (neno mpumbavu ni la Dada). Haina dawa. Ng'oa zote, choma. Nimechoma huku nalia. Nimemkumbuka Mama leo kuliko siku ya mazishi. Dada hakunicheka. Alinishika bega, akasema zake ni nzima, ndizo pekee za Mama zilizobaki, na niende kuzitazama wakati wowote nikitaka. Ana moyo mzuri, sikatai.

Jumanne, 29 Aprili
Siri yangu: mche ule wa kwanza sikuuchoma. Roho ilikataa. Ila hapa kwangu si salama, daktari anaweza kurudi kukagua. Kwa hiyo leo, Dada akiwa kazini, nimeupanda bustanini kwake, katikati kabisa ya zile za zambarau. Mama alipenda vitu vyake vikae pamoja.