Haki ya Kuitikiwa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Naapa kuandika kila kitu humu, hata yale yatakayonifanya nionekane mjinga. Sidhani kama yatakuwa mengi.

Leo Mwalimu Anastazia, mlezi wa klabu yetu ya midahalo, ametangaza jambo kubwa. Kila mwanachama apendekeze haki moja mpya ya msingi kwa raia wote wa Tanzania. Iwe haki ambayo Katiba haijaitaja. Ijumaa shule nzima itapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mshindi ataenda Dodoma na mwalimu, atasoma haki yake mbele ya klabu za shule nyingine, kisha ataketi bungeni kwenye ukumbi wa wageni. Nafasi ni moja tu!

Nimezaliwa hapa Kibaigwa. Malori yote ya Dodoma hupita mbele ya nyumba yetu. Nimeyapungia mkono vya kutosha. Sasa ni zamu yangu kupungiwa.

Haki yangu ninayo tayari. Mwezi uliopita Bibi Raheli alitoka Mlali kufuatilia jambo la shamba lake kwenye ofisi moja. Alisalimia dirishani. Kijana wa ndani alikuwa na simu, hakuinua kichwa. Bibi akasalimia tena. Kimya. Akageuka akaja kwetu, na shida yake ileile. Alisema hawezi kumweleza mambo ya shamba mtu ambaye hata hajamwitikia. Mpaka leo hajarudi pale.

Kwa hiyo: Haki ya Kuitikiwa. Kila raia anayetoa salamu ana haki ya kuitikiwa, kwa sauti, huku akitazamwa usoni.

Niliisoma klabuni. Watu wakapiga makofi. Kisha Erica, binti wa dalali Matonya, akasimama na yake: Haki ya Usingizi wa Mchana. Watu wakapiga madawati.

Jumanne, 13 Mei

Nimeamua kwamba haki lazima ionekane ikifanya kazi. Baada ya masomo nikaenda sokoni kuifanyia maonyesho. Wanafunzi wenzangu wakanifuata. Vizuri sana!

Mtu wa kwanza niliyemwona ni Mzee Matonya mwenyewe, baba yake Erica. Alikuwa anampimia mkulima mahindi kwa debe, anahesabu kwa sauti ya kuimba kama wanavyofanya wote. Nikasimama mbele yake. Shikamoo! Akaendelea kuimba. Shikamoo! Akanitazama kwa jicho moja. Nikaitoa ya tatu, yenye adabu zaidi, maana nilipiga na goti.

Akaniitikia. Marahaba, safi kabisa, huku akinitazama usoni. Wenzangu wakashangilia.

Hesabu ikapotea.

Mkulima akasema yalikuwa madebe manne. Mnunuzi akasema matatu, tena la tatu halikujaa. Mzee Matonya hakukumbuka kitu. Ikabidi gunia limwagwe lote kwenye turubai waanze upya. Kuku wa soko zima wakapata taarifa.

Mzee Matonya akaniuliza shikamoo yangu ilikuwa na haraka ya kwenda wapi. “Mtoto wa watu, huoni kwamba mdomo una kazi?” Nilimwelewesha kwamba kwa mujibu wa haki hii, hakukuwa na kosa upande wangu. Akaomba mtu amshikie debe kabla hajalitumia vibaya.

Erica alikuwepo. Jioni shule nzima ilikuwa na msemo mpya: haki ya Erica haijamwaga hata punje.

Jumatano, 14 Mei

Usiku nilitafakari. Kosa halikuwa kwenye haki, kosa lilikuwa kwenye mahindi.

Leo nimeifanyia majaribio nyumbani, mahali pasipo na madebe. Bibi Raheli bado yuko kwetu. Nilimweleza kwamba akinisalimia, sheria inanitaka nimwitikie kikamilifu bila kukatisha. Bibi akafurahi sana. Akavuta kigoda.

Sikujua nilichokiomba. Salamu ya Bibi ni ya Kigogo cha zamani. Inauliza mtu ameamkaje, kisha baba yake, kisha mama yake, kisha walioko mbali. Halafu ng’ombe. Hatuna ng’ombe, lakini Bibi akauliza hivyohivyo, nami nikaitikia kwamba hawajambo. Akahamia kwenye mbuzi. Tulipofika kwenye mvua ya mwaka juzi, maharage yakaungua.

Mama alitoka ndani akiuliza ni haki gani hii yenye moshi. Nikataka kukimbilia sufuria. Bibi akanishika sketi. “Kaa chini, mke mwenzangu. Hujaniuliza mimi nimeamkaje.”

Nikamuuliza. Akasema hajambo sana, na macho yake yalimeta. Tulikula ugali na chumvi. Bibi peke yake ndiye aliyeshiba.

Alhamisi, 15 Mei

Nimehesabu vichwa kwa macho wakati wa mstari. Kidato cha tatu na cha nne wako upande wa usingizi. Darasa letu, kidato cha pili, limegawanyika. Waliobaki ni kidato cha kwanza, nao ni wengi na hakuna anayewajali.

Kisha nikamwona Mwalimu Nathanaeli, mkuu wa shule, akipita. Watoto wa kidato cha kwanza wakamwamkia. Yeye akatikisa funguo zake. Ndivyo huwa anaitikia, kwa funguo. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama hiyo ndiyo adabu ya wakuu wote wa shule nchini.

Mpango umenijia papo hapo. Mpango safi! Nimekutana na kidato cha kwanza nyuma ya jiko. Kesho wajipange kutoka getini hadi ofisini. Kila mmoja aamkie peke yake. Na asisogee hata kidogo mpaka aitikiwe kwa mdomo.

Erica amenipita akaniuliza kwa nini sijalala mchana. Macho yangu, anasema, yanaonyesha raia asiye na haki.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya siku!

Mwalimu Nathanaeli aliingia getini. Mtoto wa kwanza: shikamoo. Funguo. Mtoto hakusogea. Funguo tena, kwa nguvu. Mtoto akabaki kama nguzo. Mwalimu akatazama ule mstari mpaka mwisho wake. Akahema. Akasema marahaba.

Akaenda hivyo, mmoja mmoja. Lakini kuna jambo sikulipanga. Walioitikiwa walifurahi mno, wakawa wanazunguka nyuma ya madarasa na kujipanga tena mwishoni. Mstari haukuisha! Mwalimu aligundua alipoamkiwa na kisichana kilekile chenye pengo. Tulidhani anaenda kutafuta fimbo. Akacheka. Sisi hatukuwahi kuyaona meno yake. Akaendelea kuitikia hadi ofisini, na huko sauti ikamwishia kabisa.

Mdahalo ulifanyika mchana, baada ya makande, kwenye ukumbi wetu wa bati. Joto! Erica alizungumza vizuri, lazima nikiri. Vizuri mno. Alieleza usingizi kwa namna ambayo kidato cha tatu na cha nne wote waliutumia palepale.

Nikasimama. Niliwaeleza habari ya Bibi na dirisha. Kisha kura. Mikono ya kidato cha kwanza ikapanda yote. Kile kisichana chenye pengo kilinyoosha miwili na kupiga kelele kwamba mkuu wa shule amemwitikia yeye, yeye kabisa!

Watu wa Erica walikuwa wamelala. Akakata rufaa: aliyelala hajakataa, bali anaunga mkono kwa vitendo. Mwalimu Nathanaeli hakuwa na sauti ya kubishana. Akamnong’oneza Mwalimu Anastazia, naye akatangaza.

Loisi! Mimi!

Jumamosi, 17 Mei

Safari ni Jumatano. Nimefua sare mara mbili.

Bibi amesema Jumatatu atarudi kwenye lile dirisha, nami nikasimame kando yake bila kusogea. Nikamwambia asubiri Bunge. Akasema mguu wake haungoji Bunge, na ng’ombe wetu je, wameamkaje? Nikasema wazima wa afya.

Erica alikuja kunipongeza. Inasemekana alinisalimia mlangoni, tena akarudia. Sikusikia, nilikuwa naandika mpango mpya. Ameondoka akiwatangazia majirani wote. Watu wengine hawajui kazi nzito ikoje.

Mpango wenyewe ni huu: shule moja imebadilika kwa asubuhi moja, na wabunge hawazidi sana kidato cha kwanza. Nimechukua simu ya Mama nimwandikie Shangazi Yasinta, anayeishi Dodoma na kufanya usafi kwenye ofisi za karibu na Bunge. Ujumbe wangu:

Shangazi, shikamoo. Naomba unijibu leo hii kabla Mama hajaitafuta simu yake: asubuhi, wabunge wote huingilia mlango mmoja, au kuna mwingine wanaoweza kuutumia kunikimbia?