Marudio ya Kapteni Nikolao

Redio ya Mama Esther, muuza kahawa wa stendi, ilikuwa imemaliza tu kutangaza: Jumamosi, Mikindani, mashindano ya vimashua vya tanga, na Newala ina mshiriki mmoja. Kikombe cha kahawa kikamganda Nurdin mdomoni.

"Newala ipi? Hii yetu ya kununua maji kwa ndoo?"

"Hii hii," akajibu Nikolao, kifua mbele. "Na huyo mshiriki ndiye mimi."

Nikolao ni bodaboda wa hapo stendi. Tangu siku alipompeleka abiria Mikindani akaona watu wanajifunza vile vyombo, kila Jumapili yuko huko, na kijiwe kikambatiza Kapteni. Lakini leo Kapteni alikuwa na lake moyoni. Jumapili iliyopita alipinduka mara tatu, na mwalimu wake, Shakila, akamwambia bila kupepesa: ukipinduka tena kwenye majaribio ya Jumamosi asubuhi, jina nalikata. Kisha akamrushia video. Simu ya huyo mwalimu ndiyo iliyorekodi, imefungwa mlingotini mwa chombo cha Nikolao ndani ya mfuko usioingia maji. "Kaangalie kosa lako," alisema.

Maskini, ameiangalia mara ishirini, bila sauti, maana spika ya simu yake ilishazibwa na vumbi la barabara ya Mkunya. Kosa halioni.

"Lete hapa!" Nurdin akanyoosha mkono. Huyu wanamwita VAR. Hata mechi ya watoto anadai marudio. "Simamisha! Hapo umeshika nini?"

"Kamba ya tanga."

"Mbona umeishika kama unamburuta mbuzi wa jirani?"

Mzee Selestini, mkulima wa mikorosho, akavaa miwani. "Mie naona maji tu. Yote hayo, hakuna anayeteka?"

"Ya chumvi hayo, Mzee."

"Lo! Hasara tupu."

Nikolao akaanza kukata tamaa. Mama Esther akaacha birika, akafuta mikono kwenye khanga, akainama.

"Hebu rudisha nyuma. Mtazameni mwili. Chombo kikilalia kushoto, na yeye huyo, kushoto! We Nikolao, unakata kona za kushukia Masasi humo majini?"

Nikolao akashika kichwa. Miaka saba ya pikipiki, kwenye kona ikilala unalala nayo!

"Ukibeba ndoo ya maji mkono mmoja," Mama Esther akaendelea, "mwili unaupeleka wapi?"

"Upande wa pili."

"Basi. Hilo kila mwanamke wa Newala analijua, na wala hajaenda Mikindani."

Furaha iliyompata Nikolao haisemeki. Nusura ambusu Mama wa watu. Akataka waione tena kuanzia mwanzo.

"Na safari hii tusikie huo upepo," akasema Nurdin, akaiunganisha simu na ile spika kubwa ya redio ya Mama Esther.

Upepo ukavuma stendi nzima. Halafu ikaja sauti ya Nikolao, inalia kama mtoto anayechomwa sindano:

"Mungu wangu, nitoe humu! Nikitoka mzima namwambia Mzee Selestini! Uraka wake niliunywa mimi! Nikajazia maji kwenye dumu! Siyo shemeji yake Mathias, ni mimi!"

Nikolao akairukia simu. Nurdin akainyanyua juu. Hakuna aliyecheka, maana kila mtu pale anajua Selestini na Mathias hawasalimiani tangu msimu wa korosho, kisa dumu lile la uraka, pombe ya mabibo.

"Kumbe ndiyo maana haukulevya," akasema Selestini taratibu.

"Shikamoo, Mzee." Nikolao akaamkia kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Marahaba. Washa pikipiki. Unanipeleka Mnyambe kwa Mathias, na hiyo simu uje nayo."

"Nisamehe, Mzee wangu. Niliona aibu."

"Nimekusamehe. Twende."

Hapo ndipo vicheko vikapasuka, Nurdin akapiga meza mpaka kahawa ikamwagika. Selestini akapanda nyuma, akajiweka sawa, akamshika Nikolao bega.

"Ila hiyo Jumamosi, mwanangu, achana na mambo ya ndoo ya Mama Esther. Pinduka kama kawaida, simu ikirekodi. Kuna jogoo wangu alipotea Pasaka."