Siku Nyumba Yetu Ilipomaliza Ugonjwa wa Kusahau

(Nyumba ya Wazee ya Willow Fork, Nebraska. Ukumbi wa chakula, Alhamisi, 14 Novemba, saa nane mchana. Mchezo wa bingo umeahirishwa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Familia, Mheshimiwa Muuguzi Mkuu, Mchungaji wetu mpendwa, Bwana Mpishi pamoja na kolachi zako, yale maandazi ya plamu, wazee wetu mnaotembea, mnaosukumwa na mliosinzia, mabibi na mabwana, nikimsahau yeyote ajihesabu kuwa nimemtaja! (Makofi machache. Mzee Orville Kubicek: "Bingo iko wapi?")

Mimi, Wendell Trautman, Mkurugenzi wa Kanda, ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao nimetunukiwa cheti chake mara mbili, kuwatangazia matunda ya Mradi Shirikishi wa Kuandika Magonjwa ya Wazee kwa Usahihi, ambao kwa mkakati wa kidijitali na uongozi wangu umeshusha idadi ya wenye ugonjwa wa kusahau katika fomu zetu, ndani ya miezi kumi tu, kutoka arobaini na mmoja hadi sifuri. (Minong'ono.) Sifuri, ndugu zangu! Wenzetu wanahangaika na panya wa maabara. Sisi tumeponya watu tukiwa tumekaa mezani. (Mzee Orville: "Kwani hapa ni wapi?" Kicheko.) Mzee anatania. Fomu inasema kumbukumbu yake ni timamu kwa asilimia mia.

Naona mkono. Sema, binti yangu. (Janelle Dvorak anasimama: "Mimi si binti yako. Mama yangu ni Loretta, huyu hapa kalala kwenye kiti. Kafundisha darasa la tatu miaka thelathini na minane. Anasahau, basi! Nyinyi mmemwandika skizofrenia, ugonjwa wa akili mwingine kabisa. Kila daktari akisoma fomu anaongeza dawa ya kumtuliza. Mwezi huu kaanguka mara mbili. Fomu mpya inatumwa serikalini leo. Irekebisheni!")

Swali zuri sana, na ninalipongeza kabla sijalikwepa. Mama, wakaguzi wa serikali hutupa nyota za ubora. Dawa ile tukimpa mwenye ugonjwa wa kusahau, nyota zinapungua. Tukimpa mwenye skizofrenia, nyota zinabaki mahali pake. Kwa hiyo mama yako anailinda nyumba hii hata akiwa usingizini. (Sauti kutoka nyuma: "Skizofrenia huanza ujanani, bwana! Bibi ana miaka themanini na saba!") Alichelewa kidogo, ni kweli, lakini ilimpata Jumanne, tarehe 5 Machi, na kumbukumbu zipo. (Kicheko kirefu.)

(Rosalind, mhudumu, mikono kiunoni: "Bosi, mimi ndiye ninayemvisha Loretta. Leo kaniita mama yake. Huyo aliyemchunguza alikuja lini? Sijamwona!") Mtathmini wetu hufanya kazi akiwa mbali, mjini Omaha, dada Rosalind, ili asije akashawishiwa na mgonjwa. Huo ndio usahihi wa kisasa. (Rosalind: "Makubwa!")

Nisiwachoshe. Semeni nami: Fomu safi, nyumba safi! Kusahau sasa basi! (Mzee Orville peke yake: "Basi!")

Kwa kumalizia, nawashukuru wataalamu kumi na wawili wa Mradi, ambao wangekuwa nasi leo kama wangeajiriwa. Naishukuru bajeti ya Mradi, ambayo ingekuja kama tungeiomba. Na kwa namna ya pekee namshukuru mtathmini wa Omaha, ambaye kwa kuwa hatukumpata, kazi yake niliifanya mimi mwenyewe Jumanne hiyo, kwa dakika ishirini, nikiweka alama kwenye kisanduku kilekile cha skizofrenia katika fomu arobaini na moja.

(Janelle: "Wewe ni daktari?")

Mimi, mama, nina shahada ya uongozi wa hoteli.

(Janelle anamgeukia Muuguzi Mkuu: "Dada, umesikia?" Muuguzi Mkuu, aliyekuwa akiangalia sakafu tangu mwanzo: "Nimesikia. Na fomu zile niliziwekea sahihi yangu bila kusoma." Anatoa simu. "Daktari, njoo sasa hivi. Loretta Dvorak kwanza. Ndiyo, umwone kwa macho yako. Leo haitumwi fomu yoyote.")

Waheshimiwa, tafadhali kaeni, sijamaliza kushukuru!

(Viti vinaburutwa. Familia zinapanga foleni mbele ya Muuguzi Mkuu, kila moja ikitaja jina la mzee wake.)

Asanteni kwa kunisikiliza.