Skana Haitaki Kuharibika

Jumatatu, 11 Machi

Siku tatu tu zimebaki na skana ni nzima kabisa. Haina hata kikohozi! Tangu mwezi uliopita inameza karatasi na kuzitema upande wa pili bila lalamiko. Mimi nakonda.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, fundi wa skana, Bi Isurugi Chinatsu, alikuja kutoa karatasi iliyokwama. Alipomaliza akagawa chokoleti kwa wanaume wote watano wa idara. Yangu ilikuwa sawa na za wenzangu. Labda ilizidi kidogo. Alhamisi hii ni Siku Nyeupe, zamu yetu wanaume kurudisha fadhila. Boksi langu la biskuti liko kwenye droo, chini ya sampuli za achari ya figili tunayouza. Ila fundi haji bila kuitwa, na haitwi mpaka kitu kiharibike. Nimpigie tu simu? Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, niseme nini? Nimejaribu mara mbili. Alipopokea nikakata.

Basi saa tano nikachomoa waya wa skana nusu, kidogo tu, usionekane. Nikatangaza kwamba kompyuta haiioni skana. Mkuu wa idara, Bwana Hamagaki, akaguna. Nikashika simu. Kabla sijabonyeza namba, Yokogoshi wa dawati la pili akauliza, "Kaka Minobe, waya umeangalia?" Akausukuma kwa kidole kimoja. Kimoja! Akanishauri siku nyingine nianze na waya, kisha nizime na kuwasha, ndipo nipige kelele. Kijana ana miaka ishirini na sita na anasoma vitabu vya maelekezo ya mashine huku anakula chakula cha mchana. Simpendi.

Jumanne, 12 Machi

Leo mbinu ya kisomi. Tone moja la wino mweupe wa kufutia, juu ya kioo chembamba ndani ya skana. Lo, kazi nzuri! Kila karatasi ikatoka na mstari mweusi toka juu hadi chini. Mkuu akawaka. Mwezi huu ameamuru kila karatasi iskaniwe na kukatwakatwa siku hiyohiyo kabla ya saa kumi na moja jioni, tuwe ofisi ya kisasa, na sasa barua za wateja zote zimechorwa mstari.

Nikasema ni ugonjwa mkubwa huo, unataka fundi. Yokogoshi akasema hapana, mstari ulionyooka vile ni uchafu wa kioo tu. Kitambaa, spiriti, dakika mbili. Mkuu akampigia makofi. Idara yote ikapiga. Mimi pia nikapiga, ningefanyaje?

Mchana nikafungua faili la ripoti za matengenezo. Si kazi yangu ya leo, najua. Kwenye kila ripoti kuna mihuri miwili myekundu: wake kushoto, wangu kulia. Minobe na Isurugi, bega kwa bega. Sisi wadogo tukigonga muhuri kando ya wa mkuu tunauinamisha kidogo kushoto, uwe kama unampigia goti. Bwana Hamagaki nimemwinamia miaka kumi na minane. Bi Isurugi si mkuu wangu wa kitu chochote, lakini kwake nainamisha zaidi. Ndilo jambo pekee nililowahi kumwambia. Nilikaa nayo yale makaratasi mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nilifuta kwenye kompyuta programu ya kuendesha skana. Yote! Yokogoshi akairudisha kwa dakika kumi, tena toleo jipya. Sasa skana inakwenda kasi kuliko jana. Nimeitengeneza mwenyewe, jamani.

Nikakata tamaa. Nikawa nachungulia tu vitufe vya hiyo programu mpya, na mle ndani, chini kabisa, nikakuta kisanduku kimeandikwa: ondoa rangi nyekundu. Kumbe ni kwa ajili ya fomu zenye mistari myekundu, ibaki ile myeusi tu. Nikatia tiki. Sikuwa na matumaini yoyote, naapa.

Saa nane Mkuu akaja mbio kutoka kwenye meza yake. Muhuri wake uko wapi? Barua kumi na mbili, hakuna hata moja aliyoiidhinisha! Wa mkurugenzi pia umepotea! Mihuri yote imeyeyuka, na wino wake ni mwekundu tangu enzi za mababu. Yokogoshi akasukuma waya. Akafuta kioo. Akazima, akawasha. Akarudisha programu. Wapi! Jasho likamtoka mpaka puani. Nilijitia hamnazo nikachonga penseli.

Mkuu akafoka, "Minobe, mwite yule mama wa skana!" Kesho saa nne asubuhi. Kesho, Alhamisi! Nimepeleka suti kwa dobi.

Alhamisi, 14 Machi

Alikuja saa nne kamili. Koti la kazi la kijivu, begi la vifaa, nywele zimebanwa na penseli. Akainama mbele ya skana kama anavyofanya, akaifungua, akasikiliza mlio wake. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu. Ningependa.

Akaenda kwenye kompyuta, akaona kile kisanduku, akatoa tiki. Kazi imekwisha. Akauliza kwa upole ni nani aliyekibonyeza. Nikaangalia dari. Nilipoteremsha macho alikuwa ananitazama mimi, na nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Kisha akaaga. Kuanzia Aprili anahamishiwa tawi la Akita. Atakuja fundi mwingine, Bwana nani sijui, sikusikia tena. Akita! Kutoka hapa Toyama, hata ukiamka alfajiri unafika jioni.

Nikatoa boksi. Nilikuwa nimefanyia mazoezi maneno siku kumi. Mdomo ukafunguka ukasema wenyewe, "Ni kwa niaba ya idara nzima." Yokogoshi akauliza kwa sauti, "Ala, hata mimi nimo?" Mkuu akatabasamu kama mwenye mali. Bi Isurugi akapokea kwa mikono miwili, akanusa, akauliza kama ni biskuti za figili. Pumbavu wee, Minobe!

Akaandika ripoti, akagonga muhuri. Nikagonga wangu, nikauinamisha mpaka karibu ulale. Nikaenda kumchukulia chai. Niliporudi alikuwa ameandika kitu kingine kwa kalamu nyekundu, karatasi imeshaingizwa kwenye jalada. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Bwana Minobe, sehemu ya maoni usome wewe mwenyewe, tafadhali." Nikainama. Niliinama muda mrefu kwa sababu machozi yalinilenga. Nilipoinuka, alikuwa ameondoka.

Sehemu ya maoni naijua. Safisha kioo kila wiki. Nitaisoma kwenye kompyuta. Kichwani nilikuwa na jambo moja: arudi kabla ya Aprili. Nikatia tiki tena palepale. Saa kumi na moja ilikuwa inagonga, Mkuu amesimama nyuma yangu, nikapanga karatasi za siku kifudifudi, inavyotaka skana, nikaziskani zote, na zote nikazitupa kwenye mashine ya kukatakata. Ripoti ikiwemo. Kesho mihuri itapotea tena na ataitwa tena. Mimi si mjinga.

Ijumaa, 15 Machi

Mihuri imepotea. Mkuu kafoka. Nikashika simu. Yokogoshi akasema hakuna haja, jana alichungulia nyuma ya bega la Bi Isurugi. Akabofya mara moja. Mchanga kwenye kitumbua changu!

Halafu akaninong'oneza akiuliza kama nimeshamjibu. Nimjibu nani? Akashangaa. Kumbe jana, nilipokuwa kwenye chai, aliona Bi Isurugi akiandika kwenye maoni, kwa kirefu, kwa wino mwekundu, na mwishoni namba ya simu. Si ya kampuni. Yake. Yokogoshi anasema aligeuza macho kwa heshima. Sijawahi kutamani mtu awe mmbea kiasi hiki! Nikambana. Anakumbuka maneno matatu tu: "muhuri wako unaoinama."

Nikafungua faili kwenye kompyuta. Tarehe ipo. Namba ya mashine ipo. Sehemu ya maoni nyeupe pe. Hata mihuri yetu haipo.

Kumpigia ofisini? Nimwambie nini? Kwamba ameniandikia na mimi nimemkatakata? Nilijifungia chooni nikalia, na nikasikia Yokogoshi nje akiuliza kama mlango umekwama.

Jumatatu, 18 Machi

Jumamosi na Jumapili nilikuwa nyumbani na mfuko mzima wa vipande vya karatasi. Vyembamba kama tambi za soba. Kwa vijiti vya kulia chakula nimechambua vipande vyenye wekundu. Namba ya simu nimepata tarakimu nne, sijui zinafuatana vipi. Neno "Akita" limekamilika. Neno "upweke" nadhani ni langu la kukisia.

Mihuri imekamilika. Nimeibandika kwa gundi ya wali. Wangu umelala kushoto, kama ulivyo siku zote. Wake haukusimama wima. Wake umeinama kulia, kuelekea wangu. Nikaenda ofisini mapema nikafungua ripoti zote za zamani. Mwaka mzima! Kila ripoti, kidogo kidogo, umeinama kulia. Mimi nilikuwa naangalia wa kwangu tu.

Nimekaa nikafikiri sana. Mtu mwenye akili angepiga simu leo, aombe kuzungumza naye, aseme ukweli.

Lakini mashine ya kukatakata karatasi nayo inahudumiwa na kampuni yao. Nimeuliza. Na meno yake, nasikia, hayawezi kabisa vibanio vya chuma. Ninavyo vitatu mfukoni. Yokogoshi anakwenda kula saa sita. Amechukua kitabu cha maelekezo, sijaona ni cha mashine gani.