Ufunguo wa Saa ya Tausi

Alhamisi, 23 Oktoba
Mzee Fennimore ameshindwa na magoti. Hawezi tena kupanda mnara wa zizi la farasi kuitia saa ufunguo. Jumapili, wakati wa chai, mwenye jumba, Bibi Mkubwa Honoria, atamtangaza mrithi wa Mzee. Ni mimi au Winifred Oddy wa mgahawa wa hapa jumbani. Miaka yote hii nawaonyesha wageni mapazia ya jumba bila malipo, halafu ufunguo apewe mpika skonzi? Thubutu!

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimempelekea Bibi Mkubwa jamu niliyoipika mwenyewe. Mchana nikaikuta mgahawani, juu ya skonzi za Winifred! Akaniambia: “Asante kwa jamu, Bwana Tranter. Ina majimaji kidogo, lakini tutajikaza.” Mwanamke huyu!

Jumamosi, 25 Oktoba
Usiku wa leo nchi nzima inarudisha saa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka baridi ikikaribia. Wazo! Nitairudisha mimi, kimyakimya. Kesho Bibi Mkubwa atakuta mambo yamekwisha, ufunguo wangu.

Mishale hairudishwi kwa mkono, tausi wa dhahabu aliye juu ya saa ataharibika mkia. Unausimamisha mtambo saa nzima, kisha unauachia. Wageni walipoondoka nikapanda, nikakaa na popo. Baridi! Niliposhuka, nikakutana na Winifred uani. Nikasema jioni njema. Akasema kweli, ila kuna kaubaridi. Akamuulizia paka wangu. Basi.

Jumapili, 26 Oktoba
Aibu! Hapa chai haitolewi mpaka tausi akunjue mkia saa kumi. Wageni walipanga foleni mvuani. Saa kumi ikapita, tausi kimya. Kila mtu alichungulia saa yake mkononi, kisha akaificha. Bwana mmoja aliniomba radhi kwa kulowa karibu yangu. Giza likaingia. Foleni imenyooka vilevile.

Mzee Fennimore ndiye aliyepasuka: “Jamani, hiyo saa imekufa au mmeiua?”

Winifred akakohoa. Akasema aliirudisha jana jioni, hakutaka kumsumbua mtu. Nikatazama viatu vyangu, kisha nikasema hata mimi. Bibi Mkubwa akawa mwekundu kama nyanya: naye alipanda alfajiri na mabuti yake. Saa tatu nzima tumeirudisha nyuma badala ya moja, kwa adabu tu!

Ufunguo amepewa Winifred, eti kwa kuwa alikiri wa kwanza. Mimi nitamshikia ngazi. Nimeumia, nasema kweli. Skonzi zilikuwa ngumu, nikala nne.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimetafakari sana. Kosa ni la wale wengine: wangeniuliza!

Ila nimegundua jambo. Bendera ya paani imechakaa, aibu tupu. Atakayeibadilisha atapendwa na Bibi Mkubwa kuliko mtia saa ufunguo. Nimekwenda mjini kununua mpya. Kesho alfajiri napanda peke yangu. Simwambii mtu, kwa nini niwasumbue?

Mlangoni mwa duka nimempisha Winifred akitoka. Alikuwa na kifurushi kwapani, cha duka hilohilo. Sikumuuliza ni nini. Nikamwambia kuna kaubaridi.